Chuma Kilichokataa Kumwachilia Mama Mkwe

Ile video ni mimi. Nasema mapema ili asije mtu akanivizia sokoni Kitengela na kuniuliza kwa sauti ya upelelezi, "Mwalimu, kuna mtu nimeona kwa simu anafanana na wewe sana." Hafanani na mimi, ni mimi. Yule mrefu mwenye koti jeupe la maabara, aliyesimama mgongo kwa mgongo na mama wa watu mbele ya wazazi wa shule nzima, jasho likimtoka kama aliyekula pilipili ya kuibiwa, ndiye mimi Mwalimu Wafula wa fizikia, na kama kuna aibu kubwa kuliko ile basi bado sijakutana nayo na wala sina haraka.

Sasa, ili mnielewe, lazima niwaambie kwanza kuhusu Naserian, kwa sababu bila yeye hii ingekuwa ajali ya kawaida ya maabara, ningejaza fomu na maisha yakaendelea. Naserian ni nesi katika kliniki moja hapa Kitengela, na ndiye msichana niliyekuwa nimeamua, kwa akili timamu, kwamba nisipomwoa yeye nitabaki hivyo hivyo na vitabu vyangu. Mambo yalikuwa yamefika mbali. Wazee wa kwetu Bungoma walikuwa wamekubali kusafiri, wazee wa kwao upande wa Kajiado walikuwa wametoa siku ya mazungumzo, zimebaki wiki mbili tu. Na katikati ya hizo wiki mbili, kama mtego, ikakaa siku ya wazazi shuleni kwetu.

Mdogo wake Naserian, anayeitwa Sianto, yuko kidato cha tatu katika shule yetu, na mimi ndiye ninayemfundisha fizikia. Kwa hivyo mama yao angekuja. Mimi na huyo mama tulikuwa hatujawahi kuonana hata siku moja, na kwa kweli hatukutakiwa kuonana. Kwetu Bungoma mtu na mama mkwe wake hawakaribiani ovyo, ukimwona njiani unapita kichakani, na nilipomuuliza Naserian kwao ikoje, akacheka.

"Kwetu ni hivyo hivyo, tena zaidi," akasema. "Sikia, Wafula. Mama akiingia mahali, wewe toka. Usimpe mkono. Usimwangalie kwa uso. Usiongee na yeye direct. Siku ya mazungumzo wazee watauliza mama anasema nini, na mama akinyamaza tu, hata ulete ng'ombe wajae mpaka barabarani, imeisha."

"Nitakuwa kama sipo," nikamwambia. (Hayo maneno nayakumbuka mpaka leo.)

Lakini binadamu ana tamaa. Kukaa mbali na mama sawa, ila nilitaka akitoka pale asikie kila mzazi akisema, "Huyo mwalimu wa fizikia ni moto." Kidato cha tatu walikuwa wametoka tu kumaliza mada ya sumaku na umeme, kwa hivyo nikaamua tutengeneze sumaku ya umeme ambayo haijawahi kuonekana upande huu wa mto Athi, kubwa, inayonyanyua spana za lori. Waya wa shaba nilikuwa nao. Betri ya gari nilikuwa nayo. Kilichokosekana ni kile chuma laini cha umbo la U ambacho waya huzungushiwa. Kilikuwa kimepotea kabatini (baadaye tulikipata jikoni, mpishi alikuwa akipondea kitunguu saumu, na alipoulizwa akasema alidhani ni zawadi).

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni dogo tu. Ijumaa jioni nikaenda kwa fundi wa kuchomelea nyuma ya soko nikamwomba kipande cha chuma laini. Akaniangalia kama nimemwomba nyama isiyo na ladha.

"Mwalimu, chuma laini ni ya nini? Mtu mzima kama wewe? Chukua hii. Hii ni stili, imetoka kwa spring ya lori. Hii haiwezi kukuangusha."

Nikasimama pale nikijua. Niliyasema mbele ya darasa maneno yenyewe wiki iliyotangulia, nikayaandika ubaoni kwa chaki nyekundu na kuyapigia mstari mara mbili: chuma laini ukikizungushia waya wenye umeme kinakuwa sumaku, na ukizima umeme kinasahau saa hiyo hiyo. Stili haisahau. Stili ina kinyongo, ukishaipa usumaku inabaki nao hata betri ukiipeleka Tanzania. Nilijua hayo yote. Lakini jua lilikuwa linazama, fundi alikuwa tayari amewasha moto, na mimi nikajiambia, si ni ya kunyanyua spana tu dakika tano, nani atajua? Akakipasha, akakikunja U safi kabisa, akakitumbukiza majini kikalia chwaaa, nikalipa nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Usiku huo huo mimi na wanafunzi wachache tukazungusha waya mpaka vidole vikauma, tukafunga mpini wa mbao mrefu ili mtu aweze kukibeba kama jembe, na kwenye mpini nikaweka swichi, na waya mrefu wa kwenda mpaka kwenye betri. Kilikuwa kizito, kama jiwe la kusagia. Kilikuwa kizuri pia, sitasema uongo.

Jumamosi asubuhi wazazi wakaanza kuingia maabara. Nawaambia, saa ya kwanza nilikuwa mfalme. Nilinyanyua misumari, nikanyanyua spana, nikanyanyua kufuli ya geti la shule na mlinzi akiwa ameshikilia upande wa pili. Mzee mmoja mwenye rungu la nati, lile lenye nati kubwa ya trekta mbele, akaniambia kwa dharau, "Hii yangu haitaweza." Nikabonyeza swichi. Rungu likamtoka mkononi likaenda likakwama ta! na watu wakapiga makofi, na mzee akacheka mpaka akakaa chini, akaomba nirudie. Nikarudia mara nne, na kila mara alilikwanyua mwenyewe kwa nguvu kabla sijafikia kuzima swichi. Sianto alikuwa kando ya betri akieleza wazazi kwa sauti kubwa na Kiswahili cha kujipanga, na nikawaza, leo nimeoa.

Nilikuwa nimetoka tu kumrudishia mzee rungu lake, sumaku iko begani mwangu kama mtu anayetoka shambani na jembe, swichi bado imewashwa (ndiyo, imewashwa, tulieni), nilipomwona Sianto akinikodolea macho na kuelekeza kidevu mlangoni. Nikageuka nusu. Mlangoni palikuwa na mama mfupi, amejitanda shuka jekundu, na shingoni amevaa mkufu mpana wa shanga wa duara, ule unaokaa mabegani kama sahani, mpya kabisa, unang'aa. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa na paji la uso la Naserian.

Nikageuza uso haraka. Maabara yetu ina milango miwili, wa mbele na wa nyuma, na katikati kuna meza kubwa. Nikapiga hesabu: yeye yuko wa mbele, mimi natoka na wa nyuma, nazunguka meza upande wa kushoto, kinyumenyume ili nisiwape kisogo wageni wengine kama mtu asiye na adabu. Kumbe na yeye ameona koti jeupe na urefu, naye amekwisha kuambiwa na Naserian mwalimu anafananaje, na kwa heshima hiyo hiyo akajifunika uso kwa shuka na kugeuka, akaanza kuzunguka meza upande wa kulia, kinyumenyume, aende akasimame kule nyuma mpaka mimi nitoke na mlango wa mbele. Mnaona? Kila mmoja anamkimbia mwenzake kwa heshima zake zote, na meza ni ya mviringo kama bahati yangu.

Nilisikia ta!

Mwanzoni nilidhani ni rungu tena. Nikajaribu kusonga mbele, sumaku ikanivuta nyuma, na nyuma yangu sauti ya mama ikasema, "Uuui!" Hizo shanga, nilikuja kujua, hazitungwi kwa uzi peke yake, zile pana hupitishiwa waya ili zisimame, na mama huyu, ambaye ni fundi wa shanga na hapendi kazi ya kulegea, alikuwa ametumia waya wa breki ya baiskeli. Mistari na mistari ya waya wa breki, imekaa pale nyuma ya shingo yake, na sumaku yangu ikaiona kabla yangu.

Kwa hivyo tukawa tumesimama mgongo kwa mgongo, mimi nikitazama ubao, yeye akitazama dirisha. Kwa mila, kama mnataka kuwa wakali, hatukuwa tumeonana bado.

Nikazima swichi. Nikangoja. Hakuna kilichotokea. Nikaiwasha na kuizima tena, kama mtu anayedhani stima imepotea. Hapo ndipo ile chaki nyekundu ilinirudia kichwani na mistari yake miwili. Na singeweza hata kuachilia mpini nikakimbia, kwa sababu kile chuma kizito kingening'inia kwenye mkufu na mkufu ungemkaba mama shingo. Ilibidi nikishikilie hapo hapo juu ya bega kwa mkono mmoja, sawasawa, kisishuke hata kidogo.

"Sianto," mama akasema polepole, bila kugeuka. "Uliza huyo mtu kwa nini amenishika."

Sianto alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwetu sote wawili. Akaniangalia. "Mwalimu, mama anauliza kwa nini umemshika."

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie sijamshika, ni usumaku umebaki kwenye chuma."

"Mama, anasema hajakushika, ni usumaku imebaki kwa chuma."

"Mwambie autoe."

"Mwalimu, mama anasema uutoe."

Sasa fikirieni, tuko umbali wa kiganja, kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake, na maneno yanazunguka kwa Sianto kama barua. Mzee wa rungu alikuwa amekwisha kushika meza kwa kicheko. Simu zilikuwa zimetoka mifukoni, nikaona zile taa ndogo. Na wanafunzi wangu, wale wale ambao kwenye mtihani swali la njia tatu za kuondoa usumaku waliliacha wazi, ghafla wakawa wanajua kila kitu.

"Mwalimu, nyundo! Inagongwa na nyundo ikiangalia mashariki na magharibi!"

"Mama, geuka mashariki kidogo!"

"Si nyundo, ni kupasha moto mpaka iwe nyekundu! Nilete gesi?"

"Hakuna mtu atapasha mama yangu moto!" Sianto akapiga kelele, na nikampenda kwa hilo.

"Sianto," mama akasema, "uliza huyo mwalimu ni nini hasa anafundisha watoto hapa."

Mwalimu mkuu alikuwa amefika mlangoni na mgeni wa heshima, amesimama na tabasamu la kupigwa picha ambalo lilikuwa likififia polepole. Nikaona nisipofanya jambo la kisomi sasa, nimekwisha kikazi na kindoa siku moja. Nikakumbuka kwamba ukigeuza mkondo wa umeme kwa kiasi kidogo, unaweza kuufuta ule usumaku. Nikamwambia Sianto, "Badilisha waya kwenye betri, halafu gusa tu. Gusa na utoe. Usiache." Nikawasha swichi. Sianto akabadilisha waya. Lakini kwa haraka yake, badala ya kugusa akabana kabisa, na sumaku ya umeme, wapenzi, haijali umegeuza waya, mradi umeme unapita itavuta tu. Ikavuta mara mbili ya mwanzo. Mama akanirudia mgongoni, kisogo chake kikanigonga chini ya bega, na wazazi wote wakasema "Aaaah!" kwa pamoja kama kwaya.

"Ulisema tugeuze, tumegeuza!" Sianto akalia.

"Zima! Toa! Toa yote!"

Akatoa. Bado tumekwama. Mkono wangu ulikuwa umeanza kutetemeka, na waya ulikuwa umepata joto mpaka nikausikia kupitia koti, lakini nikikishusha chuma kinamvuta mama, kwa hivyo nikauma meno. Niliomba Mungu anipe hata tetemeko dogo la ardhi.

Ndipo mama akaguna. Lile guno la mtu aliyewapa wasomi nafasi ya kutosha.

"Sianto, mwambie asivute. Watu wanavuta vuta kama wanatoa ndama. Mimi niko na sumaku nyumbani, ya spika ya redio, naokota na yeye sindano zikianguka kwa kapeti. Sumaku haivutwi. Inatelezeshwa kando, pole pole, mpaka ikose pa kushika."

Sianto akafungua mdomo. "Nimesikia," nikasema.

Nikatelezesha. Sikuvuta, nilisukuma mpini kando, polepole, upande wa dirisha, nikihisi mstari mmoja wa waya ukiachia, halafu mwingine, na nusu ya mwisho ikatoka kwa mkupuo, na nikasikia uzi ukikatika. Mama akawa huru. Shanga zikamwagika sakafuni kama mvua ya mawe, nyekundu, nyeupe, bluu, zikaingia chini ya meza, zikaingia kwenye viatu vya mgeni wa heshima. Mimi nikapiga magoti bila kugeuka, nikaanza kuokota, na mwanafunzi mmoja asiye na huruma akauliza, "Mwalimu, si utumie sumaku?" Shanga ni za kioo, sumaku haizitaki, na yeye alijua vizuri. Nilipothubutu kuinua macho, mama alikuwa ameshatoka na mlango wa nyuma.

Jioni Naserian akapiga simu. Hakusema habari. "Umemfanya nini mama yangu?" Nikaanza kumweleza habari za stili na chuma laini, akasema, "Wafula, nimeona video, mafundi wa shanga wote Kitengela wameona video, mimi nauliza mama, na mama hataki kusema kitu. Amenyamaza." Na nyote mnakumbuka kunyamaza kwa mama kulimaanisha nini. Siku zilizobaki sikula vizuri. Niliziosha zile shanga zote kwa sabuni, nikazipanga kwa rangi kwenye chupa tatu za maabara, nikazituma kwa Sianto, na jibu halikuja.

Siku ya mazungumzo tukaenda. Wazee wangu wa Bungoma walivaa masuti, wao walivaa mashuka, tukakaa nje kwenye viti vya plastiki na akina mama wakawa ndani ya nyumba, mlango wazi. Chai ikanywewa. Ng'ombe wakatajwa. Halafu mzee mmoja wa kwao akakohoa, akageukia mlango, akauliza kwa sauti, "Mama ya Naserian anasema nini? Huyu kijana anamjua?"

Nilisikia mbuzi akitafuna kitu nyuma ya nyumba. Naserian alikuwa ndani na mama yake na sikuweza kumwona, nikakazia macho viatu vyangu na nikawa nimeshaanza kuomboleza.

Halafu ile sauti ikatoka ndani. "Uso sijui. Sijaangalia, na sitaki. Lakini mgongo yake najua."

Wanawake wakaangua kicheko humo ndani, na mzee akataka kucheka lakini akangoja, kwa sababu mama alikuwa hajamaliza.

"Ile chuma ilikuwa mzito. Nilikuwa nasikia mkono yake inatetemeka, na ile kitu inamchoma. Watoto wanapiga kelele, watu wanamcheka na simu. Na hakuiachilia inivute shingo hata kidogo, mpaka ikatoka. Mimi huyo naweza kumpa msichana."

Nililia. Ndiyo, mbele ya wazee, mimi mtu mzima na suti ya kuazima, na mjomba wangu akanikanyaga mguu ninyamaze nisipandishe bei. Tulioana mwezi wa nane, na mama alivaa mkufu mwingine, akanitumia salamu kupitia Sianto kwamba huu ametunga kwa uzi wa nailoni.

Nimeapa mbele ya darasa, mkono juu, kwamba mahali kitabu kinaposema chuma laini nitaweka chuma laini, au somo liahirishwe. Sumaku sionyeshi tena siku ya wazazi. Mwaka huu nilichagua mada ya mwanga, nikapanga vioo maabara nzima, vioo bapa, vioo mbinuko, nikijisifu kwamba hatimaye nimepata kitu kisichomshika mtu, mpaka Naserian alipopita asubuhi kuniletea chai, akatazama ukuta mmoja mpaka mwingine, akaniuliza kama nimefikiria mama akiingia atauona uso wangu mara ngapi. Nilivifunika vyote kwa magazeti, na wazazi wakaja wakasomewa maelezo.